Umbo la Picha na Kingo Nyeusi: Kutoka Sinema ya Misheni hadi Simu za Bibokoboko

1. Utangulizi

Historia ya picha za sinema na televisheni katika Afrika ya Mashariki na Kongo imeandikwa zaidi kwa kuchunguza yaliyomo ndani ya picha: nani alipiga, nani alipigwa, na ujumbe gani ulikusudiwa. Jambo moja limeachwa kando, labda kwa sababu liko mbele ya macho ya kila mtazamaji, nalo ni umbo la picha yenyewe. Kwa umbo hapa panakusudiwa uwiano wa mapana ya picha na kimo chake. Uwiano huo ndio unaoamua ni kitu gani kitaingia katika picha na kitu gani kitabaki nje. Tena, picha ya umbo moja inapoonyeshwa katika kioo cha umbo jingine, hubaki nafasi tupu. Nafasi hiyo ndiyo ionekanayo kama kingo nyeusi, ama juu na chini, ama kulia na kushoto.

Watazamaji wengi huzichukia kingo hizo. Huziona kuwa ni kasoro ya chombo, au hasara ya fedha, kwa kuwa wamenunua kioo kipana na sehemu yake haifanyi kazi. Makala haya yanatoa hoja iliyo kinyume: kwamba ukingo mweusi ni ushahidi kuwa picha imefika nzima, na kwamba kuuondoa kuna gharama, ambayo aghalabu hulipwa na waliopigwa picha wala si na watazamaji. Hoja hiyo itafuatwa hatua kwa hatua hadi Bibokoboko, sehemu ya milima katika wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini, juu ya mji wa Baraka ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Huko wanaishi Banyamulenge, Wabembe, Wafuliiru na wengineo, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kukutania. Bibokoboko hapana studio wala jumba la sinema. Lakini mashariki ya Kongo kwa jumla imepigwa picha katika maumbo yote makuu ya karne ya ishirini na ya ishirini na moja, na umbo la mwisho kati ya hayo ndilo ambalo watu wa milima hiyo wamejipiga wenyewe.

2. Umbo la kwanza: nne kwa tatu

Umbo la kwanza la sinema lilitokana na ufundi zaidi kuliko nadharia ya uzuri. Katika karakana ya Thomas Edison huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1890, W. K. L. Dickson alitumia filamu yenye upana wa milimita 35 na kuipa kila picha kimo cha matundu manne ya pembeni. Matokeo yake yakawa picha ambayo mapana yake ni sehemu nne na kimo chake sehemu tatu, yaani 4:3. Sauti ilipoingia katika filamu, sehemu ya upana ilichukuliwa na mstari wa sauti. Kwa hiyo mwaka 1932 Hollywood ilisawazisha umbo jipya la 1.37 kwa 1, ambalo kwa macho ya kawaida halitofautiani sana na lile la zamani. Filamu ndogo ya milimita 16, iliyokuwa nyepesi kubebwa na rahisi kuonyeshwa nje ya miji, ilifuata umbo hilohilo.

Ni filamu hiyo ndogo iliyofika vijijini. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, lilifanywa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu likiongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie. Filamu zilizotengenezwa hapo zilikuwa za milimita 16, na maelezo yake, yakiwemo ya Kiswahili, yaliwekwa katika sahani za santuri. Gari la maonyesho lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Katika Kongo ya Wabelgiji, kazi kama hiyo ilifanywa zaidi na wamisionari baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wamisionari wa Scheut walitengeneza filamu huko Kasai, na upande wa Kivu kulikuwa na kituo cha Africa Films cha Mapadri Weupe.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika kipindi hiki hapakuwa na ukingo mweusi. Kamera, projekta na kitambaa cheupe vilikuwa na umbo moja. Kilichobaki nje ya picha kilibaki nje tangu siku ya kupiga, na mtazamaji hakupewa dalili yoyote ya kuwako kwake. Filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston na kupigwa kwa sehemu kubwa Kongo na Uganda, ni ya umbo hilo pia. Hadithi yake ilitokana na riwaya ya C. S. Forester, na nyuma yake mna kumbukumbu ya vita vya meli vya 1915 na 1916 katika Ziwa Tanganyika. Hata hivyo picha hazikupigwa katika ziwa hilo. Watu wa pwani ya Fizi, ambao maji yao yalitoa hadithi, hawamo ndani ya picha.

3. Sinema pana yaingia Kivu

Televisheni ilipoenea Marekani baada ya vita, majumba ya sinema yalianza kupoteza wateja. Televisheni ilikuwa imerithi umbo la 4:3 kutoka kwa sinema yenyewe. Nchini Uingereza, BBC ilianza na umbo la 5:4 na kuhamia 4:3 mwaka 1950. Kwa hiyo wenye sinema walitafuta kitu ambacho sanduku la nyumbani lisingeweza kukitoa, nacho kilikuwa upana. Mwaka 1953 kampuni ya Fox ilitoa filamu ya The Robe kwa ufundi wa CinemaScope, uliotokana na lenzi ya Mfaransa Henri Chrétien. Lenzi hiyo huibana picha pana ili ienee katika filamu ya kawaida, na lenzi nyingine huitanua tena wakati wa kuionyesha. Umbo lililokuja kuzoeleka ni la takribani 2.35 kwa 1.

Mashariki ya Kongo haikuchelewa kuingizwa katika umbo hilo. Mwaka 1958 ilitoka filamu ya Les Seigneurs de la forêt, iliyopigwa Kongo kwa CinemaScope chini ya ulezi wa Mfalme Leopold III na kuongozwa na Heinz Sielmann na Henry Brandt. Milima, misitu na sokwe wa Kongo ya mashariki walionyeshwa katika picha pana. Ilikuwa miaka miwili tu kabla ya uhuru. Utawala uliokuwa ukikaribia kuondoka ulijipigia nchi kwa lenzi yake pana kuliko zote, na mwanadamu katika upana huo akaonekana mdogo, sehemu ya mandhari.

Upana ulitumika pia kwa mambo ya kutisha. Filamu ya Kiitaliano Africa Addio ya mwaka 1966, ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, ilipigwa kwa Techniscope, ufundi mwingine wa umbo la 2.35. Ndani yake mna picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Unguja mwezi Januari 1964, pamoja na picha za askari wa kukodiwa huko Kongo. Filamu hiyo imelaumiwa vikali kwa dharau yake kwa Waafrika, na maana ya picha za Unguja imebishaniwa hadi leo. Pamoja na hayo, imekuwa hati inayorejewa na watu wa pande zote za ubishi. Hapo ndipo suala la umbo linapoacha kuwa la mafundi peke yao. Nakala ya filamu ya 2.35 ikikatwa ili ijaze kioo cha 4:3, hupoteza takribani asilimia 43 ya mapana yake. Katika picha ya kutoka angani, pembeni ndiko kuliko na pwani, barabara na majengo yanayomwezesha mtafiti kujua mahali na mwelekeo. Mwenye kuhukumu kwa nakala iliyokatwa anahukumu kwa zaidi kidogo ya nusu ya hati.

4. Enzi ya kioo cha 4:3

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, Uganda mwaka 1963 na Kinshasa mwaka 1966. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikasubiri hadi vituo vya watu binafsi vilipoanza mwaka 1994. Nchi hizi zilitofautiana katika ufundi wa rangi, kwa kuwa Zaire ilifuata SECAM ya Kifaransa na majirani zake wa mashariki wakafuata PAL. Katika umbo, hata hivyo, zilikuwa kitu kimoja: 4:3.

Filamu pana ilipotaka kuingia katika kioo hicho, mrushaji alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuionyesha nzima na kuacha kingo nyeusi juu na chini. Kwa filamu ya 2.35, kingo hizo zilikula zaidi ya mbili kwa tano za kioo. Ya pili ilikuwa kukata pembeni na kuihamisha picha kulia au kushoto kumfuata anayesema. Njia hii ya pili ndiyo iliyozoeleka, na kanda za video zilizojaza vibanda vya maonyesho kuanzia miaka ya 1980 mara nyingi zilikuwa zimekatwa hivyo. Mtazamaji wa kibandani aliona mtu akizungumza na mwenzake asiyeonekana, na hakuwa na njia ya kujua kuwa mwenzake alikuwamo katika filamu asilia. Hivyo kioo kilichojaa pomoni kilificha zaidi kuliko kile chenye kingo nyeusi.

Wakati huohuo mambo makubwa yalikuwa yametokea katika Fizi. Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kutua Kibamba. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka Baraka. Na Novemba Che akaondoka. Kamera ndogo za mkononi zilizoenea wakati ule, zilizotumia filamu ya milimita 35, zilitoa picha ya mnato yenye uwiano wa 3:2. Picha ya namna hiyo ikikuzwa ijaze kioo cha kisasa cha 16:9, hupungua karibu asilimia 16 ya kimo chake. Kiasi hicho ni kidogo, lakini katika picha ya kundi la watu wapo wanaosimama mstari wa nyuma na wanaochuchumaa mbele. Kiongozi maarufu hukaa katikati na hupona. Wanaokatwa ni wale ambao majina yao hayakuandikwa, yaani wenyeji.

5. Dijitali na kioo cha 16:9

Umbo la 16:9 lilizaliwa kama suluhu. Katika miaka ya 1980, mhandisi Kerns Powers wa Marekani alilinganisha maumbo yote yaliyokuwa yakitumika na kupendekeza umbo la katikati, ambalo lingeweza kubeba picha nyembamba ya 1.33 na picha pana ya 2.35 kwa hasara inayokaribiana. Hesabu yake ilitoa takribani 1.77, yaani 16:9. Kwa maneno mengine, kingo nyeusi zilitarajiwa tangu mwanzo. Kioo hiki kilibuniwa kikiwa na nafasi yao.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa mitambo mingi ya analojia barani Afrika na Ulaya. Tanzania ilianza kuzima mitambo hiyo Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015 baada ya mvutano mkali na vituo vikubwa. Neno king'amuzi, lililotokana na kitenzi ng'amua, likawa neno la kila nyumba. Katika miji mingi ya mashariki ya Kongo, sahani za setilaiti ndizo zilizoleta picha za dijitali, na vijijini umeme wa jua au wa jenereta ndio uliowasha vioo.

Kioo kipya kilipopokea picha ya zamani, kingo zilihama kutoka juu na chini kwenda kulia na kushoto. Picha ya 4:3 hujaza robo tatu tu ya kioo cha 16:9. Mtazamaji mwenye rimoti sasa ana njia tatu. Anaweza kuiacha picha na kingo zake. Anaweza kuivuta ijaze kioo, na hapo kila mtu hunenepa kwa theluthi moja na duara huwa yai. Au anaweza kuikuza, na hapo robo ya kimo hupotea juu na chini. Mwimbaji wa taarabu aliyepigwa zamani akiwa amesimama atakatwa kilemba na miguu, na iwapo amevaa kanga, jina la kanga, ambalo huandikwa upande wa chini wa nguo, litakwenda na miguu hiyo. Hali kadhalika tafsiri ya maandishi inayowekwa chini ya picha hukatwa katikati. Kwa wanaojishughulisha na Kiswahili hasara hii si ndogo, kwani sehemu iliyopotea ndiyo iliyokuwa na maneno.

Kuna hali mbaya zaidi. Filamu pana iliyokwisha kurekodiwa katika kanda ya 4:3 pamoja na kingo zake za juu na chini, ikirushwa tena katika kioo cha 16:9, hupata kingo pande zote nne, na picha yenyewe hubaki kama asilimia 43 ya kioo. Hata hivyo mtafiti makini hutambua hapo historia nzima ya nakala: ilizaliwa kwa sinema, ikapita katika kanda, ikafika katika dijitali. Kingo zinasomeka kama mihuri ya forodha katika cheti cha msafiri.

6. Umbo la simu na milima ya Bibokoboko

Simu yenye kamera ilileta umbo ambalo sinema haikulijua, picha iliyosimama wima, ya 9:16. Ni umbo la mkono ulioshika simu, na katika hatari ni mkono unaokimbia. Mwezi Oktoba 2021 Bibokoboko ilishambuliwa, nyumba zikachomwa na maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao kuelekea Baraka. Halikuwa jambo geni katika nchi hiyo. Mwaka 1996 raia waliuawa Bibokoboko na Baraka, na vita vilivyofuata havikuiacha jamii yoyote ya Fizi bila makaburi. Kilichokuwa kipya ni kwamba sasa waliopatwa na mambo wenyewe walikuwa na kamera. Video fupi za milima hiyo zilisambaa kwa simu, zikawafikia jamaa walioko nje, na baadhi ya picha za namna hiyo huingia katika televisheni.

Katika kioo cha 16:9, picha ya wima huonyeshwa nzima kwa kuchukua chini ya theluthi moja ya mapana. Zaidi ya theluthi mbili ni nyeusi. Mrushaji asiyevumilia weusi huo huchagua moja kati ya mambo mawili. Ama huikuza picha hadi ijaze kioo, na hapo hutupa asilimia 68 ya kimo chake. Ama hujaza pembeni kwa nakala yenye ukungu ya picha ileile. Njia ya kwanza hukata mlima ulio juu na ardhi iliyo chini, yaani vitu viwili vinavyomwezesha mwenyeji kusema kwa hakika kuwa hapa ni Bibokoboko na si mahali pengine. Katika nchi ambayo video ya kijiji kimoja huweza kupewa jina la kijiji kingine, na jamii moja kulaumiwa kwa moto uliowashwa kwingine, kukata mlima ni kukata ushahidi. Njia ya pili haikati kitu, lakini humdanganya mtazamaji kwamba pembeni kuna jambo lililoonekana, ilhali hakuna. Ukingo mweusi husema ukweli ulio wazi zaidi: mpigaji hakuona zaidi ya hapa.

Linganisho na mwaka 1958 linastahili kufanywa. Mfalme aliyeondoka aliipiga Kongo ya mashariki kwa picha ya 2.35, akiwa na mafundi, muda na usalama. Mkimbizi wa mwaka 2021 ana picha ya 0.56, bila muda wala usalama. Vioo vya leo vinaipokea picha ya kwanza kwa kingo nyembamba na ya pili kwa kingo nene, na jicho lililozoea huhesabu unene huo kuwa udhaifu wa ushahidi. Hukumu hiyo haina msingi. Wembamba wa picha ya simu ni sehemu ya habari inayotolewa, kwa kuwa hueleza jinsi ilivyopigwa na nani aliweza kuipiga.

7. Hitimisho

Wanafunzi wa fasihi wanalijua tatizo hili katika hati za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mhariri akichapisha beti peke yake na kuacha yaliyoandikwa pambizoni, msomaji hupata maneno ya mshairi lakini hukosa mikono iliyopitia hati: mnakili, mwenye mali, msomaji aliyesahihisha. Picha nayo ina pambizo yake. Kanga huwa na pindo, na hakuna anayekata pindo ili mji wa kanga uonekane mkubwa.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa na vyuo na hifadhi za nyaraka. Kwanza, kila picha itembeayo ihifadhiwe katika umbo lake la asili, na nakala za kurushia zitengenezwe mbali. Pili, maelezo ya kila nakala yataje umbo lililopigwa na umbo lililopokelewa, kama vile hati inavyoandikwa vipimo vya karatasi yake. Picha ya Baraka ya mwaka 1965 na video ya Bibokoboko ya mwaka 2021 zinahitaji maelezo hayo kwa kiasi kilekile. Tatu, mwanafunzi anayeitumia picha kuwa ushahidi aulize kwanza kama imekatwa, imevutwa au imeachwa, kabla ya kuuliza inaonyesha nini.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Picha inalo, na mara nyingi pazia hilo ni jeusi. Siku ambapo watu wa Bibokoboko, wa jamii zote, watakaa pamoja kuandika yaliyowapata, watahitaji picha ambazo mlima wao bado umo ndani yake.